Kabla ya kuyapenda manyoya, uliza tarantula alikozaliwa

Katika miji mingi ya Marekani na Ulaya wapo watu wanaofuga tarantula majumbani, wengine wakiwa na kabati zima la masanduku ya kioo na plastiki. Mkusanyaji wa namna hiyo hufika mahali akamtaka mmoja mwenye manyoya kuwashinda wote alio nao. Uwanja wa kuchagua ni mpana. Familia ya tarantula ina spishi zaidi ya 1,000: wapo waliopungukiwa nywele hadi wanang'aa, wapo wa samawati iliyokolea, na wapo waliofunikwa manyoya toka mgongoni hadi ncha za miguu. Hao wa mwisho ndio huwafanya hata waoga wasogeze uso karibu na kioo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako buibui mkubwa akiingia ndani jambo la kwanza ni kutafuta ndala, mapenzi haya yanaweza kuonekana ni mambo ya watu wa mbali. Yanamhusu. Baadhi ya tarantula wanaotamaniwa kwa manyoya yao wanaishi mashimoni katika ardhi ya Tanzania na Kenya, na namna mkusanyaji wa Berlin au Texas anavyochagua ndiyo inayoamua kama shimo litabaki na mwenyewe au litachimbuliwa. Hoja ya makala haya ni moja: wingi wa manyoya uje baadaye, kwanza iulizwe mnyama huyo alizaliwa wapi, kwa mfugaji au porini.

Aanze yule anayestahili kupendekezwa. Kitaalamu anaitwa Tliltocatl albopilosus, tarantula wa nywele za kujikunja, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1980 na Carlos Valerio wa Kostarika. Kwao ni Amerika ya Kati. Mwili wake ni kahawia inayokaribia weusi, na juu ya rangi hiyo zimeota nywele ndefu za rangi ya shaba ambazo, badala ya kunyooka, hujipinda kila moja upande wake. Akikaa kivulini unaona buibui mweusi tu. Taa ikimwangukia ubavuni, nywele zile hushika mwanga na mnyama mzima huzungukwa na mng'ao wa dhahabu.

Hupendeza zaidi anapotoka kujivua gamba, kwani nywele zote ni mpya na hakuna hata moja iliyokatika. Kazi hiyo huifanya akiwa amelala chali kwa saa kadhaa, na mfugaji asiyejua hudhani amekufa, akaanza kumgeuzageuza. Hapo anaweza kumuua kweli, maana ngozi mpya bado ni laini. Hata meno ya sumu hutoka meupe, yakawa mekundu, kisha meusi. Kabla hayajakomaa hivyo hapaswi kutupiwa nyenje, kwa sababu nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna yeye.

Wafugaji hutofautisha aina mbili za tarantula huyu. Ile ya zamani, iliyosambaa madukani kwa miongo kadhaa, inaaminika ilitokana na wanyama wa Hondurasi, na wengi wanashuku kwamba imekwishachanganyika na jamaa yake wa karibu, Tliltocatl vagans. Aina ya Nikaragua ndiyo yenye nywele nyingi zaidi, ndefu zaidi na zilizojikunja zaidi. Anayetafuta manyoya amtafute huyo kwa jina la nchi yake, na asikubali kuuziwa chotara kwa bei ya mwenye asili inayojulikana.

Lakini uzuri wa kumchagua huyu hauishii kwenye nywele. Huzaliana vizuri akiwa kifungoni. Jike hutaga mamia ya mayai katika kifuko kimoja cha hariri, ndiyo maana vitoto vyake ni miongoni mwa tarantula wa bei nafuu kabisa sokoni, na hakuna sababu yoyote ya mtu kwenda kufukua ardhi ya Nikaragua. Tabia yake ni ya utulivu. Hahitaji mengi: udongo wa kina anaoweza kuchimba, kificho, bakuli dogo la maji, na boksi lisilo refu kwenda juu, kwa sababu tarantula mzito akianguka hata kutoka kimo kidogo tumbo lake linaweza kupasuka.

Manyoya yenyewe yana kazi nzito kuliko kuvutia macho ya watu. Tarantula ana macho manane na bado haoni vizuri. Mazingira yake huyasoma kwa nywele. Zipo zinazotambua mtikisiko wa ardhi, zipo nyembamba mno zinazohisi hewa inaposukumwa na mdudu anayepita, na chini ya nyayo zipo zilizosongamana zinazomwezesha kupanda ukuta wa kioo bila kuteleza. Tarantula wengi wa mabara ya Amerika wanazo nyingine tena: vinyweleo vya kuwasha, vilivyoota juu ya tumbo kwa maelfu, vidogo hivi kwamba jicho halivioni kimoja kimoja. Hivi sivyo vile vinavyojikunja na kupendeza. Mnyama akisumbuliwa huinua mguu wa nyuma, akasugua tumbo haraka haraka, na wingu la vinyweleo likapeperuka kumwelekea anayemsumbua. Aliyewahi kupita kwenye upupu akiwa mtoto hahitaji kuelezwa zaidi. Tumboni hubaki kipara, na kipara hicho huondoka pale tu atakapojivua gamba jingine.

Kuwashwa mkono ni jambo dogo. Jicho ndilo la kuogopwa. Mwaka 2009 madaktari wa Leeds, Uingereza, waliandika katika jarida la The Lancet habari za kijana wa miaka 29 aliyefika hospitali akiwa na jicho jekundu, lililokuwa likimtoa machozi kwa wiki tatu na kukataa dawa alizopewa. Walipolitazama kwa kifaa cha kukuza waliona vijinywele vimejichoma kwenye konea, vingine vikiwa vidogo mno kuondolewa. Ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa akisafisha tangi la tarantula wake, akageuka, na mnyama akamrushia wingu usoni. Mfugaji wa tarantula wa Amerika avae miwani ya kujikinga anapofungua boksi, anawe mikono kabla ya kujifikicha macho, na watoto wasiachwe waweke nyuso zao juu ya boksi lililo wazi. Huu ni ushauri wa kufuatwa hata kwa yule mpole wa Nikaragua, ambaye naye huvirusha akichokozwa.

Wenye manyoya wapo wengine. Brazili ina Nhandu coloratovillosus, mweusi mwenye mistari myeupe kwenye viungo vya miguu na nywele ndefu nyekundu tumboni, na ndugu yake Nhandu tripepii, mwenye manyoya ya rangi hafifu zaidi. Wote wawili ni wazuri na wote wawili wana hasira. Huvirusha vinyweleo kwa sababu ndogo sana. Vitoto vyao havifai kwa anayeanza, hata kama dukani vinaonekana havina madhara. Kisiwa cha Martinique kina Caribena versicolor, anayeishi mitini, ambaye huzaliwa samawati kisha akikua hupata mgongo wa kijani na tumbo jekundu lililojaa manyoya. Huyu pia huzalishwa kwa wingi na wafugaji, na ni chaguo jema kwa mwenye uzoefu anayeweza kumpa boksi linalopitisha hewa vizuri.

Kisha kuna Afrika.

Tarantula wa Afrika hawana hata kinyweleo kimoja cha kuwasha. Kinga yao ni kasi, meno na sumu kali kuliko ya wenzao wa Amerika. Stromatopelma calceatum wa Afrika Magharibi ana miguu iliyopambwa kwa manyoya marefu pande zote mbili, na picha zake humfanya mtu atamani kumshika. Asimshike. Kung'atwa naye huleta maumivu makali na kukakamaa kwa misuli. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kuwa kimetokana na sumu ya tarantula, lakini anayeugulia mikazo ya misuli usiku kucha hapati faraja kubwa kwa kuambiwa hivyo.

Tanzania inaye wake, na ndiye kiini cha jambo hili. Jina lake la kisayansi ni Eucratoscelus pachypus. Ukimtazama kwa mbele huoni cha ajabu: buibui wa kahawia, wa umbo la wastani. Ajabu iko nyuma. Jozi ya mwisho ya miguu ya jike ni minene kuliko mingine yote, na imefunikwa manyoya mazito hadi umbo la mguu wenyewe halionekani. Alielezwa kisayansi mwaka 1990 na Wajerumani wawili. Ndugu yake, Eucratoscelus constrictus, anayepatikana Kenya na Tanzania, alikuwa amejulikana zamani zaidi: alielezwa mwaka 1873 na Adolf Gerstäcker, kutokana na wadudu na buibui waliokusanywa katika misafara ya Baron Carl Claus von der Decken, yule aliyejaribu kuupanda Kilimanjaro mara mbili na kuuawa Bardera, Somalia, mwaka 1865. Kwa hiyo safari ya buibui wetu kwenda kwenye makabati ya Ulaya haikuanza jana. Mwanzoni walipelekwa wakiwa wamekufa, ndani ya chupa za pombe kali, kwa ajili ya elimu.

Siku hizi wanatakiwa wakiwa hai. Pamoja na huyo wa miguu yenye manyoya, anatafutwa pia Pelinobius muticus, jitu la Kenya na Tanzania, ambaye manyoya yake mafupi yaliyosongamana humpa rangi ya shaba isiyo na doa, na ambaye akikasirika hutoa sauti ya kukwaruza inayosikika chumba kizima. Yupo pia Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya chungwa aliyelipeleka jina la Usambara hadi kwa wafugaji wasioweza kuionyesha Usambara kwenye ramani. Huyu wa mwisho hana shida kubwa. Ni mkali kupindukia, lakini huzaliana kifungoni kwa urahisi, na karibu mahitaji yote ya soko yanaweza kutoshelezwa na vitoto vilivyozaliwa Ulaya kwenyewe.

Wale wawili wa kwanza hawako hivyo. Hukua polepole mno na kuwazalisha kifungoni si rahisi. Mtu akiuziwa jike mkubwa wa Eucratoscelus mwenye miguu iliyoshiba manyoya, uwezekano mkubwa ni kwamba kuna mahali nchini Tanzania ambapo mtu alipiga jembe.

Na jembe hilo huumiza kuliko linavyoonekana. Tarantula jike huchukua miaka kukomaa, kisha huendelea kuishi miaka mingi. Katika spishi kadhaa hufikisha miaka 20 na kuzidi. Hakai ovyo: ana shimo lake, na kwa kawaida halitupi. Dume akikomaa hubakiza muda mfupi, akiutumia kutembea usiku kuwatafuta majike. Mchimbaji anayetumwa na mnunuzi hamtaki dume mwenye siku za kuhesabu. Anamtaka jike mkubwa, kwa sababu ndiye mwenye manyoya na ndiye mwenye bei, na kwa kumchukua huyo anaondoka na mayai ya miaka yote iliyobaki. Ukiwaondoa majike wakubwa wa kilima kimoja, kilima kinaweza kuonekana vile vile kwa msimu mzima, madume wakiendelea kuzunguka bila kupata wa kumzalisha.

Mwaka 2022 jarida la Communications Biology lilichapisha utafiti uliopekua matangazo ya mauzo na kumbukumbu za biashara ya buibui, nge na jamaa zao. Watafiti walikuta spishi 1,264 zikiuzwa. Asilimia 67 ya wanyama walitoka moja kwa moja porini. Mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uligusa spishi 30 tu kati ya hizo, yaani asilimia 2. Robo ya spishi za tarantula zilizoelezwa tangu mwaka 2000 zilikuwa tayari sokoni. Maana yake ni kwamba mwanasayansi akitangaza buibui mpya na mahali alipompata, wapo wanaousoma utafiti wake ili wajue pa kwenda kuchimba.

Viwanja vya ndege navyo vina habari zake. Aprili 2019 forodha ya Manila, Ufilipino, ilikamata tarantula 757 waliotumwa kutoka Poland wakiwa wamefichwa ndani ya maboksi ya biskuti na shayiri. Desemba 2021, Bogotá, Wajerumani wawili walikutwa na tarantula wasiopungua 232 kwenye mizigo yao, pamoja na mende 67 na nge mwenye watoto. Novemba 2024, Lima, raia wa Korea Kusini aliyekuwa na tumbo lililovimba isivyo kawaida alivuliwa mikanda aliyojifunga. Ndani yake walikuwamo tarantula 320, tandu 110 na chungu tisa wakubwa wa msituni. Wengi wa tarantula hao walikuwa vitoto, kila kimoja ndani ya kifuko chake.

Afrika Mashariki haina haki ya kuzisoma habari hizi ikadhani ni za Amerika ya Kusini peke yake. Aprili 2025, Naivasha, maofisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya waliwakamata vijana wawili wa Ubelgiji wakiwa na malkia 5,000 wa sisimizi wavunaji, wamewekwa ndani ya mirija 2,244 iliyozibwa kwa pamba ili waishi muda mrefu njiani. Mwezi uliofuata mahakama iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12. Waliiambia mahakama kwamba walifanya hivyo kwa mapenzi yao ya kukusanya wadudu. Hata wakiaminiwa, sisimizi elfu tano wamekwishachimbuliwa.

Tanzania ilichukua hatua mapema zaidi, ingawa kilichoisukuma kilikuwa mnyama mkubwa zaidi. Machi 2016 tumbili 61 walizuiwa katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakiwa tayari kusafirishwa kwenda Albania, na Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Jumanne Maghembe, akapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka mitatu. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangeruhusiwa kwa miezi sita kusafirisha wanyama waliobaki mikononi mwao. Wananchi wakapiga kelele, na Waziri Pindi Chana akausitisha uamuzi huo mara moja. Mjadala ule ulikuwa mkali na wa haki. Lakini uliwazungumzia twiga, tumbili na kobe. Buibui hakutajwa, na aliyethubutu kumtaja angechekwa, jambo linaloeleza kwa nini mfuko wa tarantula hupita mahali ambapo mtoto wa tumbili hapiti.

Wafugaji wa Ulaya na Marekani wana jibu lao, na ni jibu lenye uzito. Wanasema bila wao spishi kadhaa zisingejulikana kabisa: ni wao waliogundua namna zinavyozaa, muda wa mayai kuanguliwa, na chakula cha vitoto vidogo kuliko punje ya mchele. Wanataja tarantula wa magoti mekundu wa Meksiko, Brachypelma smithi, aliyevunwa ovyo kwa ajili ya soko la Marekani hadi akawekwa chini ya ulinzi wa CITES mwaka 1985. Leo Meksiko ina wafugaji waliosajiliwa kisheria wanaowazalisha, na jamaa za huyo wamejaa kwenye masanduku ya dunia bila kuhitaji mchimbaji. Hilo ni kweli, na linastahili sifa. Ila sifa hiyo ni ya wanaozalisha. Anayenunua jike aliyechimbuliwa kwa sababu hana subira ya kumlea kitoto miaka mitano hawezi kujificha nyuma ya kazi ya wenzake.

Subira ndiyo bei halisi ya manyoya haya. Kitoto cha tarantula wa Nikaragua kinachofika kwenye kichupa cha plastiki hakina nywele za kujikunja za kujivunia; ni kidude cha kahawia kinachojificha udongoni na kula vipande vya wadudu. Hupata sura yake gamba baada ya gamba, kwa miaka. Akiwa jike, aliyemnunua akiwa mwanafunzi anaweza kuwa naye bado wakati watoto wake mwenyewe wanaanza shule. Kabla ya kulipa ni vyema kujua ni nani atamlisha buibui huyo wakati mfugaji akisafiri, na kama wanaoishi naye wamekubali.

Kwa msomaji aliye Oman, Ujerumani au Minnesota anayefikiria kuanza, au aliyekwisha anza, maswali ya kumuuliza muuzaji ni mepesi. Kifuko cha mayai kilitoka kwa jike yupi, mwaka gani, kwa mfugaji gani? Muuzaji mzuri hujibu kwa furaha na huwa na picha za mama. Anayesema tu kwamba mnyama ametoka Tanzania, na mnyama mwenyewe ni jike mkubwa mwenye miguu ya nyuma iliyofunikwa manyoya, aombwe kibali cha kusafirisha kilichotolewa Tanzania, chenye jina la spishi na tarehe. Asipokuwa nacho, asilipwe.

Wizara na mamlaka za wanyamapori za Tanzania na Kenya nazo zina la kufanya ambalo halihitaji fedha nyingi: kuwapa wakaguzi wa Kilimanjaro, Dar es Salaam na Nairobi picha za buibui hawa watatu au wanne, na kuwaonyesha jinsi wanavyofungwa ndani ya karatasi za chooni na makopo ya filamu. Mkaguzi aliyemwona Eucratoscelus mara moja, na miguu yake ile ya nyuma, hatamsahau.